Begi Lako Mezani: Hotuba Kuhusu Kuitembelea Hifadhi ya Manuel Antonio

Itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Waongoza watalii wenzangu wa mwambao, pamoja nanyi mlioanza kudunduliza nauli ya safari hii, habari za asubuhi.

Mada yetu ni Hifadhi ya Taifa ya Manuel Antonio, pwani ya Pasifiki ya Kosta Rika, ambako msitu wa mvua unateremka mpaka mchangani. Nitaanzia pale anapoanzia kila mgeni, yaani kwenye meza ya getini. Askari wa hifadhi anakuomba ufungue begi. Ndizi, karanga, mkate, pakiti ya biskuti ya mtoto: vyote vinabaki nje. Chupa ya plastiki ya kutupwa nayo inabaki. Sigara, pombe, droni, havipiti. Chupa yako ya chuma yenye maji, pita nayo. Wageni wengi hununa hapo mezani, na wengine huanza kubishana wakati foleni inazidi kurefuka nyuma yao. Ninachotaka mwondoke nacho leo ni hiki: kila kitu kinachotolewa kwenye lile begi kina mnyama wake kule ndani. Anayelijua hilo hupanga begi lake hotelini, na meza ile anaipita kwa dakika moja.

Kwanza mjue udogo wa mahali penyewe. Nchi kavu ya hifadhi ni hekta 1,983. Jozani yetu kule Unguja ina hekta 5,000 hivi, kwa hiyo Manuel Antonio haifiki hata nusu ya Jozani. Eneo lake la bahari ndilo kubwa, takriban hekta 55,000, lakini mgeni wa kawaida haendi huko. Na katika hizo hekta za nchi kavu, njia za wageni ziko sehemu ndogo tu. Hii ni mojawapo ya hifadhi zinazotembelewa sana Kosta Rika, kwa hiyo watu na wanyama wanapishana kwenye njia ileile, kwa umbali wa mkono.

Isitoshe, hifadhi yenyewe isingekuwapo lau watu wa Quepos, mji wa jirani, wangenyamaza. Ardhi ile ilikuwa ya kampuni ya matunda, baadaye ikauzwa kwa mtu wa kutoka nje ya nchi, naye akaweka mageti yaliyowazuia wenyeji wasifike kwenye fukwe zao. Wakayavunja, wakadai haki ya njia, na tarehe 15 Novemba 1972 eneo likawa hifadhi ya taifa. Mkiwa njiani mtaona mashamba makubwa ya michikichi. Watu wa Kigoma na wa Kongo msishangae. Ni mchikichi uleule wa mawese, mzaliwa wa Afrika Magharibi, ulioletwa na kampuni ya ndizi baada ya ugonjwa wa Panama kuimaliza migomba. Msitu mnaokwenda kuutazama ni kipande kilichobaki kati ya mashamba hayo, barabara na hoteli.

Sasa tiketi, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi zinapoharibikia. Getini haiuzwi. Inanunuliwa mtandaoni, kwenye tovuti ya SINAC, idara ya serikali inayosimamia maeneo ya hifadhi. Unafungua akaunti, unachagua siku na saa ya kuingia, unaandika jina na namba ya pasipoti ya kila mtu, unalipa kwa kadi. Mtu mzima asiye raia wala mkazi hulipa dola 16, na ukiongeza kodi ya asilimia 13 inafika dola 18 na senti 8. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 ni dola 5 kabla ya kodi. Bei iangalieni tena siku ya kulipa, kwani hupandishwa. Jumanne hifadhi imefungwa, na kila wiki kuna familia inayogundua hivyo ikiwa imeshafika getini. Siku za kiangazi, Desemba hadi Aprili, na hasa wiki ya Pasaka, nafasi hujaa mapema kwa kuwa idadi ya watu kwa siku ina kikomo. Jina la kwenye tiketi lilingane na la kwenye pasipoti, herufi kwa herufi.

Kuna kosa jingine ambalo ni letu sisi waswahili peke yetu. Tiketi ikiandikwa 8:00 a.m., hiyo ni saa mbili asubuhi. Aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anaona nane, anapanga mambo yake ya saa nane mchana, na nafasi yake inakuwa imepita zamani. Hifadhi inafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 alasiri. Chukueni nafasi ya kwanza kabisa ya asubuhi. Wanyama bado wako chini chini wanatafuta chakula, jua halijawa kali, na mvua ya masika ya kule hupenda kuanguka baada ya adhuhuri.

Kutoka San José hadi Quepos ni kama kilomita 160, saa 3 hivi kwa gari. Kutoka Quepos hadi hifadhini ni kilomita 7 za barabara ya milima na kona, na basi la abiria linakwenda na kurudi mchana kutwa. Barabara hiyo inaishia hifadhini; hakuna kwingine inakokwenda. Kabla ya kufika mwisho, mtasimamishwa na watu waliovaa mashati yanayofanana na sare, wakipunga mikono kwa mamlaka kubwa, wakisema maegesho ya mbele yamejaa au kwamba hapa ndipo pa kuingilia. Hao ni wa maegesho ya watu binafsi, au ni watu wanaojiita waongozaji. Msigombane nao. Endesheni taratibu mpaka barabara iishe. Mwongozaji halali ana kitambulisho cha ICT, taasisi ya utalii ya nchi ile, na anakionyesha bila kusukumwa. Kubalianeni bei, idadi ya watu kwenye kundi na muda, yote matatu, kabla hamjaingia. Matembezi kwa kawaida huchukua muda wa saa mbili hadi mbili na nusu.

Je, mwongozaji ana faida? Kwa mara ya kwanza, ndiyo, na faida yenyewe iko kwenye darubini yake ya miguu mitatu. Msitu wa mvua haukuonyeshi vitu kama mbuga ya Serengeti. Chukueni mfano wa mnyama wa mitini aendaye polepole sana, ambaye Waingereza wanamwita sloth na wenyeji wanamwita perezoso, yaani mvivu. Wako wa aina mbili pale, mwenye makucha mawili mkononi na mwenye makucha matatu. Usitafute mnyama, tafuta mti. Uko mti uitwao guarumo, shina jeupe lenye pete pete, jani pana lililopasuka kama la mpapai. Ndani ya shina mna uwazi wanamoishi sisimizi wadogo wakali, kwa hiyo usiliegemee. Panda na macho mpaka kwenye panda za juu. Ukiona kitu cha kijivujivu kama kumbi la nazi lililokwama, usihame. Subiri dakika mbili. Kumbi likinyoosha mkono polepole, umempata. Rangi ya kijani iliyoko mgongoni mwake ni mwani ulioota kwenye manyoya, nao unamficha. Mwenye makucha matatu hushuka chini karibu mara moja kwa wiki kwenda haja, na hapo ndipo anapokuwa hatarini zaidi. Mkimkuta ardhini, simameni mbali, mumwachie njia ya kufikia mti. Wapo wageni wanaomzunguka ili wapige naye picha, na yeye hawezi kukimbia.

Njia kuu kutoka getini hadi ufukweni ni kama kilomita 2, tambarare, na kuna njia ya mbao iliyoinuliwa ambayo hata kiti cha magurudumu kinapita. Usiihesabu kuwa mwendo wa nusu saa, maana kila hatua kumi kuna kundi limesimama likitazama juu.

Tukirudi kwenye begi. Tumbili wa uso mweupe wa pale amekwisha kujifunza zipu. Hapasui begi, anashika kile kichuma, anavuta, anatia mkono, anatoka na pakiti. Rakuni, mnyama wa kule wa ukubwa wa paka hivi, naye huja chini chini mchangani wakati mmekwenda kuogelea, na vidole vyake ni vyepesi kama vya mtoto. Kwa miaka mingi wageni waliingia na vyakula vyao, wakala ufukweni, na wengine wakawarushia. Matokeo yake ndiyo haya. Mnyama aliyepewa biskuti leo, kesho haendi kutafuta wadudu na matunda ya msituni. Anakuja kwenye begi. Vijidudu vya mikono yetu vinahamia kwake. Makundi yanajazana ufukweni, yanagombana, yanauma watu. Halafu yule aliyezoea watu anafuata watu hata nje ya hifadhi, barabarani, kwenye nyaya za umeme. Waongoza watalii wa Jozani mnalijua jambo hili kwa upande mwingine: kima punju, tumbo lake ni la kumeng'enya majani, na tunda bivu lenye sukari linamdhuru. Tumbili wa uso mweupe anaweza kula karibu kila kitu, ndiyo maana watu hudhani hadhuriki.

Aliye dhaifu kuliko wote ni tití, tumbili mdogo mwenye mgongo wa rangi ya machungwa, uzito wake haufiki kilo moja. Jamii ndogo inayoishi hapo haipatikani popote duniani isipokuwa kwenye eneo hilo la pwani ya kati ya Pasifiki ya Kosta Rika. Msitu ulipokatwa na barabara, tití walikuwa wanapita juu ya nyaya za umeme au chini kati ya magari, wakifa kwa njia zote mbili. Wenyeji wakafunga kamba nene kutoka mti hadi mti juu ya barabara. Mkiwa kwenye basi kutoka Quepos, tazameni juu: zile kamba zinazoning'inia ni madaraja yao. Sisi Jozani tulijenga matuta barabarani kwa ajili ya kima punju, na wale wamepandisha kamba. Ugonjwa ni mmoja.

Kwa hiyo kuleni vizuri hotelini kabla ya kutoka, chai nzito ya asubuhi. Ndani upo mkahawa mmoja karibu na ufukwe wa Manuel Antonio, na chakula kinaliwa hapo hapo. Maji, angalau lita moja na nusu kwa mtu. Ufukweni begi lisiachwe peke yake hata kwa dakika. Mmoja akae nalo, wengine waoge, kisha wapokezane. Pasipoti na simu ziwe kwenye mfuko usiopitisha maji, mwilini. Na tumbili akishika begi, liachie. Kuvutana naye ndiko kunakoleta meno. Ukiumwa au kukwaruzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya hatari ya kichaa cha mbwa. Usingoje uone kama litavimba.

Tuje baharini, na hapa nawaomba msikilize hata ninyi mliozaliwa Nungwi au Lamu, tena ninyi hasa. Mwambao wetu una mwamba nje. Wimbi kubwa linavunjikia kule, na linalofika kwetu ni maji tulivu. Pwani ile ya Pasifiki haina ukuta wa namna hiyo. Wimbi linakuja nzima nzima mpaka mchangani, na maji yale yanapotafuta njia ya kurudi huchimba mfereji na kutoka kwa kasi kuelekea kilindini. Ukisimama ufukweni utauona: ukanda wa maji yaliyotulia, meusi kidogo, katikati ya mawimbi yanayovunjika kulia na kushoto. Mgeni huona pale pametulia, akaingia papo hapo. Ukivutwa, usiogelee kurudi ufukweni moja kwa moja, nguvu zitakuishia. Ogelea kwa ubavu, sambamba na ufukwe, mpaka utoke kwenye mfereji, ndipo ugeuke. Ukishindwa, elea chali na uinue mkono. Ufukwe mrefu wa Espadilla Norte, ulio nje ya hifadhi, una mikondo hiyo sana. Ndani, Espadilla Sur nao una mawimbi. Ghuba ya ufukwe wa Manuel Antonio ndiyo tulivu, na hapo ndipo pa watoto.

Kati ya fukwe hizo mbili za ndani kuna shingo nyembamba ya mchanga inayokwenda kwenye kilima cha Punta Catedral. Kilima hicho kilikuwa kisiwa. Mawimbi yalikuwa yanakizunguka pande zote mbili, yanakutana nyuma yake yakiwa yamechoka, na yanatua mchanga yalioubeba. Karne baada ya karne mchanga ukapanda, miti ikaota, kisiwa kikafungwa kwenye bara. Njia ya kukizunguka ni kama kilomita 1.4, ina ngazi nyingi na mizizi, na mvua ikinyesha inateleza vibaya. Ndala hazifai. Vaeni viatu vinavyofunika vidole.

Maji kupwa na kujaa hamhitaji kufundishwa. Tafuteni tu jedwali la maji la Quepos kabla ya kuchagua siku. Katika bamvua, siku za maji makubwa, tofauti ya kupwa na kujaa hufika karibu mita 3. Kwenye ufukwe wa Manuel Antonio, upande wa chini ya Punta Catedral, maji yakipwa kabisa utaona mistari ya mawe iliyopinda nusu duara. Ni mitego ya kasa, iliyojengwa na wenyeji wa kale kabla ya Wahispania kufika. Kasa anakuja na maji kujaa, anavuka juu ya ukuta wa mawe. Maji yakipwa, ukuta unachomoza, naye amebaki ndani. Kila mvuvi wetu aliyewahi kusimamisha wando ataielewa akili ile bila kuelezwa. Siku za maji mafu, bahari inapopwa kidogo tu, mitego hiyo haionekani vizuri, na msafiri anaondoka bila kujua alikuwa amekaa hatua hamsini kutoka kwayo.

Kivuli sasa. Mtaukuta mti wa mkungu pale ufukweni, huuhuu wa kwetu, wenye majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kuanguka, na kungu zake. Wenyeji wanauita almendro. Jirani yake unaota mti mwingine, na huo ndio ninaouogopa kwa ajili yenu: manzanillo. Jani lake ni dogo, la kung'aa, la kijani kibichi, lenye meno madogo ukingoni. Tunda lake ni la kijani linaloelekea njano, dogo kama embe changa, linanukia vizuri, na limetapakaa mchangani. Usiliokote, usilionje, na mtoto asilichezee. Mti ule ni wa ukoo mmoja na mnyaa wetu wa uani, na utomvu wake mweupe unaunguza ngozi na macho kuliko wa mnyaa. Mvua inapoanza watu hukimbilia chini yake, na matone yanayopita kwenye majani yanashuka na utomvu na kuwatoa malengelenge mabegani. Alama za onyo zipo, lakini zimeandikwa Kihispania na Kiingereza, nazo si kwa kila mti. Ukiguswa, usisugue. Osha kwa maji mengi na sabuni, vua nguo iliyolowa, na kama ni jicho, limwagie maji safi bila kukoma mpaka ufike kwa daktari. Kanuni ya kukaa ni rahisi: kama hujautambua mti, usiweke kikoi chako chini yake.

Na ndiyo, bebeni kikoi au kanga badala ya taulo. Hewa ya pale ina unyevu mwingi, taulo nene halikauki siku nzima, na kikoi kinakauka ukikitandika dakika chache juani.

Mvua kwa mwaka ni karibu milimita 3,800, na miezi ya kunyesha sana ni Septemba na Oktoba. Msiiogope miezi ya Mei hadi Julai. Asubuhi nyingi ni angavu, watu ni wachache, na maporomoko madogo ya maji ambayo kiangazi hukauka huwa yanatiririka. Bebeni koti jepesi la mvua na dawa ya mbu, maana homa ya dengi ipo. Wanaosafiri kutoka nchi zenye homa ya manjano hudaiwa kadi ya chanjo, na chanjo huhesabiwa baada ya siku 10 tangu kuchomwa. Masuala ya visa muulizieni ubalozini mapema, kila mmoja kwa pasipoti yake.

Anzeni kutoka ufukweni mapema, kabla askari hawajaanza kuwaondoa watu. Karibu na ufukwe wa Manuel Antonio kuna vyoo na mabomba ya kuogea maji baridi. Mnasafisha mchanga pale, mnavaa viatu, mnatembea zile kilomita 2 kurudi. Wakati huo njia imetulia, na kaa wekundu wa nchi kavu huwa wameanza kutoka kwenye mashimo yao chini ya majani makavu. Mtasikia mchakacho kabla ya kuwaona. Pigeni hatua fupi.

Karibuni maswali.